Sungura wa mwanangu hataki kula tangu jana jioni, naombeni msaada haraka

MamaPendo_Tabata

Wakuu habari za asubuhi, naombeni msaada wenu maana hapa nimechanganyikiwa. Binti yangu ana sungura wake mweupe mwenye masikio ya kijivu, anaitwa Pamba, baba yake alimnunulia Kariakoo akiwa kadogo kabisa na sasa kashakuwa mkubwa. Tunaishi Tabata nyumba ya kupanga, uani ni pa wapangaji wote kwahiyo mchana anakaa kwenye kibanda cha mbao barazani, usiku tunamwingiza jikoni. Chakula chake ni kabeji, karoti, mkate wa asubuhi anaupenda mno, na wali ukibaki.

Sasa tangu jana jioni kagoma kula. Karoti ananusa halafu anageuza uso. Kajikunja kwenye kona, macho kafumba nusu, anasaga meno mpaka namsikia nikiwa nimesimama, na kinyesi chake ambacho huwa kikubwa kidogo na cha duara jana kilikuwa kidogo kama mbegu za papai, leo sijaona hata kimoja. Juzi pia alikojoa mkojo mwekundu kwenye vigae, mtoto akalia akajua ni damu.

Nimeenda duka la dawa za mifugo la jirani wamenipa kapsuli za amoksisilini wakasema nigawe nusu nichanganye na maji nimnyweshe. Bado sijampa maana mama mkwe anasema sungura hanywi maji kabisa, akinywa anaharisha anakufa, na kweli hatujawahi kumwekea maji. Nimpe hiyo dawa au nisimpe? Na hii ni ya kusubiri au nikimbie hospitali? Mtoto kakataa kwenda shule.

Mfugaji_Mzumbe

Dada pole sana, ila kwanza kabisa HIYO KAPSULI USIMPE. Naandika kwa herufi kubwa usije ukapitiwa. Amoksisilini, ampisilini na ndugu zake wote wa penisilini za kumeza zinaua sungura, na hazimuui kwasababu ni sumu kwake moja kwa moja, zinaua bakteria wazuri wa tumboni halafu wabaya ndio wanashika nafasi na kutoa sumu, anaharisha na ndani ya siku chache kaondoka. Binadamu anameza, mbwa anameza, ila sungura hapana. Wauza dawa wengi wamezoea kuku na ng'ombe wanampa kila mnyama kitu kile kile.

Pili hii sio ya kusubiri. Sungura tumbo lake halitakiwi kusimama hata siku moja, anakula kidogo kidogo mchana na usiku na anatakiwa anye mchana na usiku. Hawezi kutapika, kwahiyo kilichoingia njia yake ni moja tu, na kinachosukuma mzigo ni nyuzinyuzi za majani. Nyuzinyuzi zikipungua tumbo linapunguza mwendo, gesi inajaa, linauma, kwa vile linauma anaacha kula, na kwa vile hali ndio linasimama kabisa. Ni mzunguko huo. Sungura aliyepitisha masaa 12 bila kula na bila kunya ni mgonjwa mahututi hata kama anakuangalia vizuri tu. Wako tangu jana jioni, kashafika huko.

Kusaga meno kwa sauti akiwa kajikunja ni maumivu. Kuna kusaga kwingine kwa utaratibu ukimkuna kichwani, kale ka sauti laini, hiyo ni raha yake tu, ila hii unayosema wewe siyo.

Fanya hivi sasa hivi huku unatafuta daktari wa mifugo, sio muuza dawa, daktari. Mshike tumbo taratibu. Kama ni laini au kama unga uliokandwa, nenda kwenye hatua ya maji na majani. Kama limekaza na limevimba, ukigusa anashtuka, masikio yamekuwa ya baridi na kalegea, hapo usimlazimishe chakula hata kijiko, beba mkimbize maana inawezekana kuna kitu kimeziba. Masikio ndio kipimo cha haraka nyumbani, joto la kawaida la sungura ni kama nyuzi 38.5 mpaka 40, akianza kupoa ni dalili mbaya kuliko homa. Mfunge kanga, weka chupa ya maji ya uvuguvugu pembeni yake.

Tumbo likiwa laini, nenda hapo nje kachume ukoka mbichi mkono mmoja, uwe mahali ambapo hapajapuliziwa dawa na mbwa hawakojoi, mwekee mdomoni. Harufu ya majani mabichi mara nyingine inamfungua. Halafu maji, sirinji ya mililita 5 bila sindano, ingiza pembeni mwa mdomo nyuma ya yale meno ya mbele pana pengo, toa tone tone ameze mwenyewe. Usimwinue kichwa juu na usimiminie katikati ya koo, yataingia kwenye mapafu.

BabaSungura_Kibaha

Mkuu hapo juu nakubaliana na wewe kuhusu dawa ila hili la maji mnalikuza. Mimi nafuga sungura wa nyama Kibaha miaka sasa, nawapa majani mabichi asubuhi na jioni, maji nawawekea wale wanaonyonyesha tu, wengine hawana habari nayo na wanazaa na wananenepa. Wazee wetu walifuga hivyo hivyo. Sungura akilowa lowa ndio anaharisha, hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mfugaji_Mzumbe

Kaka Kibaha nakuheshimu ila tutenganishe mambo mawili. Sungura wako wanakula majani mabichi asubuhi na jioni, majani yenyewe sehemu kubwa ni maji, ndio maana wanasogea. Huyu wa dada anakula mkate na wali Tabata kwenye joto hili, maji anayapata wapi? Sungura mmoja wa kilo mbili anaweza kunywa robo lita kwa siku na joto likipanda anazidisha. Akikosa, kile kilicho tumboni kinakauka kinakuwa donge.

Na kuharisha unakokuona kwa wanaolowa, nakubali umekuona, ila chanzo sio kunywa. Banda likiwa na unyevu na majani yanayotupwa chini juu ya kinyesi, hapo ndipo koksidia, vijidudu vya kuharisha vinavyoshika utumbo, vinapozaliana, na hao wanaokufa wengi si ni vitoto vya mwezi mmoja na nusu miwili, matumbo yamevimba? Huo ndio ugonjwa wenyewe. Chombo cha maji kikifungwa ukutani kisimwagike na majani yakining'inizwa kwenye kichanja, utaona vifo vinapungua bila kuwanyima maji.

BabaSungura_Kibaha

Vitoto kweli ndio wanaokufa, na ni umri huo huo. Hili la kichanja nitalifanyia kazi. Dada muwekee maji basi.

Dada_wa_Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu kuhusu ule mkojo mwekundu tulia, mara nyingi si damu. Mkojo wa sungura hubadilika rangi, leo njano, kesho rangi ya chungwa, siku nyingine mwekundu kabisa, ni rangi inayotoka kwenye mwili na chakula, na mara nyingine mweupe mzito kwa sababu chokaa ya ziada ya chakula yeye huitoa kwa mkojo. La kukutia wasiwasi ni ukiona mabonge ya damu au michirizi ndani ya mkojo ambao rangi yake ni ya kawaida, au akiwa anajikaza kukojoa na hautoki. Na kama ni jike mkubwa wa miaka mitatu minne hivi akatoa damu, huyo apelekwe, maana majike wasiofungwa kizazi hupata saratani ya mji wa mimba sana.

Lakini mimi nataka kusema juu ya joto, kwa kuwa sisi watu wa pwani shida yetu ni moja. Hawa sungura tunaofuga nyumbani asili yao ni Hispania na Ureno, huko wanachimba mashimo na kukaa chini ambako ni baridi. Hatoi jasho. Joto analitolea masikioni, ndiyo maana ukimshika masikio saa saba mchana yana moto na mishipa imetokeza. Nyuzi 28 kwenda juu ashaanza kuteseka, na kuanzia Disemba mpaka Machi huku kwetu hiyo 28 mchana tunaipita. Mimi nina chupa za soda zenye maji kwenye friza, mbili zinazunguka, moja ikiyeyuka nyingine inaingia. Naifunga taulo naiweka kwenye banda, yeye mwenyewe anaenda kujilaza ubavu nayo. Nikimwona anahema kwa mdomo wazi nalowesha kitambaa maji ya bomba nampangusa masikio, basi. Si maji ya barafu na si kumtia kwenye beseni kumwogesha, sungura haogeshwi, mshtuko peke yake unaweza kumuua.

Baraza lako linapigwa jua saa ngapi? Hilo nalo liangalie. Banda la mbao lenye bati juu linakuwa tanuri.

MamaPendo_Tabata

Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Kapsuli nimezitupa. Tumbo nimeshika ni laini ila kuna kama donge upande, masikio ya vuguvugu. Ukoka nimempa kaumega kidogo sana halafu kautema, maji kwa sirinji kameza kama mara nne hivi. Nilipomshika kidevu chini kumelowa mate manyoya yamegandana, hiyo ni nini tena? Nimempigia daktari mmoja wa mifugo kasema nimlete saa sita, kanambia nisimpe chochote mpaka afike kama atahitaji kuchomwa sindano ya usingizi, ni sawa?

Mifugo_Kabete

Mama Pendo, mimi niko Nairobi, nimesomea mifugo pale Kabete, acha nikujibu haraka kabla hujatoka.

Kidevu kulowa mate pamoja na kutaka kula halafu kutema, hiyo inanielekeza kwenye meno. Mwambie daktari neno kwa neno hivyo ulivyotuandikia. Sungura ana meno 28 na yote yanakua maisha yake yote, ya mbele unayaona, ya nyuma huyaoni. Yanapaswa kusagana yenyewe kwa yenyewe kwa kutafuna nyasi ngumu masaa mengi kila siku, taya likienda kando kando. Mkate na wali vinabonyezwa tu vinamezwa, kwa hivyo meno ya nyuma hayasagiki sawa, yanaota ncha kali, za chini zinakata ulimi na za juu zinakata shavu. Mnyama ana njaa, anasogea, anauma, inamchoma, anatema. Kutoka hapo tumbo ndilo linasimama. Watu wengi hutibu tumbo wakaacha meno, wiki mbili baadaye wako pale pale.

Kuhusu kufunga kula kabla ya usingizi, kwa mbwa na paka ndiyo tunafunga kwa sababu wanatapika. Sungura hatapiki, na kumkalisha njaa kunamharibia tumbo ambalo tayari limesimama. Mkumbushe daktari kwa heshima tu, muulize kama anaonelea sungura afungwe vilevile. Wengi kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na mbwa, ukiuliza hawakasiriki. Endelea na maji kidogo kidogo njiani na ubebe ukoka wake mwingine, akizinduka ale pale pale.

Muombe achunguze mdomo mpaka nyuma kwa kifaa chenye taa, si kufunua tu midomo ya mbele. Na atoe dawa ya maumivu iliyopimwa kwa kilo zake. Usimpe panado ya nyumbani.

Mbebe kwenye boksi la katoni lenye matundu, taulo chini, asiteleze. Usimbebe kwa masikio.

Kijana_Mbezi

Samahani kuingilia uzi wa dada, mi wangu jike kazaa jana usiku vitoto saba, vipo kwenye manyoya aliyojinyofoa ila mama mwenyewe yuko kona nyingine kabisa hata haviangalii. Nimekesha kumchungulia hajanyonyesha. Niviondoe niwape maziwa ya ng'ombe kwa chupa? Dume bado lipo nae humo humo.

Mfugaji_Mzumbe

Dogo mtoe dume sasa hivi, dakika hii. Jike anaweza kupandwa siku ile ile aliyozaa na mimba ni siku 31 tu, utajikuta na saba wengine kabla hawa hawajaacha kunyonya vizuri.

Vitoto viache. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, mara nyingi alfajiri au usiku, dakika tatu mpaka tano kamaliza anaondoka, maziwa yake ni mazito sana. Kukaa mbali na kiota ni namna yake ya kutoonyesha maadui walipo watoto. Ukikesha unamchungulia ndio unamzuia. Asubuhi nawa mikono, funua manyoya kidogo, angalia matumbo. Yakiwa ya mviringo yamejaa unaona mpaka weupe wa maziwa chini ya ngozi, ananyonyesha. Yakiwa yamekunjamana na vinalia lia siku nzima hapo urudi tukuambie. Macho yatafunguka kwenye siku ya kumi. Ongeza maji na chakula kwa mama.

Kijana_Mbezi

Nimechungulia alfajiri hii yamejaa yote saba!! Dume nimelihamishia kwa jirani. Asante mkuu.

MamaPendo_Tabata

Wapendwa nimerudi. Kaka wa Kabete ulisema kweli tupu, ni meno. Daktari kamwangalia na kale kamtambo kenye taa kama wanaloangalizia masikio ya watu, akaniita nione, jino la chini upande wa kushoto limeota ncha imeelekea ndani na ulimi una kidonda cheupe pale pale lilipogusa. Nilipoliona nikaelewa kwanini alikuwa anatema. Kamchoma ya maumivu, kamwekea maji chini ya ngozi ya shingo yakatuna kama nundu halafu yakaisha taratibu, kamlaza kidogo akazisaga zile ncha. Nilimwuliza lile la kufunga kula, akafikiri akasema kweli kwa sungura haina haja, hakukasirika hata kidogo.

Jioni Pamba kala ukoka wote niliobeba na usiku kanya. Binti yangu kaniamsha kuniambia, anahesabu vinyesi kwa furaha. Kapewa dawa ya maumivu ya siku kadhaa na nimesagiwa mfano wa uji, peleti za sungura zilizolowekwa maji ya moto zikapoa zikawa rojo, nampa kwa sirinji mpaka ulimi upone.

Sasa naomba mnisaidie upande wa chakula na mahali pa kukaa. Daktari kasema majani, majani, majani. Majani gani kwa hapa Dar? Kuna matembele, kisamvu, mchicha, mabingobingo ya wale wenye ng'ombe Segerea. Na mtoto kamuona anakula kinyesi chake mwenyewe, nimtibu?

Dada_wa_Likoni

Alhamdulillahi! Hicho kinyesi anachokula muache, ni kile laini cha kama kishada kinachong'aa, anakichukua moja kwa moja akijiinamia. Hicho ni chakula kilichochachuka tumboni kina vitamini na protini, anakipitisha mara ya pili. Akiacha kukila hata ukakuta kimejaa kwenye banda, hapo ndipo pana shida, huenda kanenepa hafikii au chakula ni kitamu kupita kiasi.

Shamba_Sakina

Mimi wa Arusha, sungura wangu wanaishi ndani na watoto wangu, nichangie kwenye majani maana hapa watu wengi wanateleza.

Sehemu kubwa ya anachokula iwe nyasi, mbichi au kavu, ziwepo mbele yake saa zote zisiishe. Ukoka safi. Mabingobingo mazuri ila kata yale machanga kiasi, yakikomaa sana kingo zinakata mdomo na huyu ana kidonda. Hei ya Rhodes, yaani nyasi za malisho zilizokaushwa, ndio bora ukipata, iwe ya kijani inanukia vizuri, ikinukia uvundo au ikitoa vumbi la ukungu irudishe. Majani mabichi yakitoka kukatwa yatandaze kivulini yanyauke kidogo, usiyarundike kwenye mfuko wa plastiki yakapata joto, yale yaliyoanza kuchacha ndio yanayojaza gesi. Na ya kando ya barabara kubwa achana nayo.

Juu ya nyasi ndio unaongeza majani ya mboga kiganja kimoja au viwili kwa siku ukibadilisha badilisha. Matembele mazuri. Majani ya karoti mazuri kuliko karoti yenyewe, wauza mboga sokoni wanayatupa, waombe tu. Kishona nguo kile kinachoota hovyo uwanjani wanakipenda sana. Mchicha mara moja moja, sio kila siku. Kabeji acha kwa sasa mpaka tumbo litulie. Kisamvu usimpe, kibichi kina sumu ile ile inayotufanya sisi tukitwange na kukichemsha sana, yeye hapikiwi. Parachichi hapana, tunda wala jani. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo hapana. Karoti na ndizi ni zawadi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, sio mlo. Mkate na wali simamisha kabisa, na peleti akipona kijiko cha chakula viwili kwa siku zinatosha kwa wa kilo mbili.

Ila dada usimbadilishie ghafla. Kila jani jipya anza na majani mawili matatu, angalia kinyesi kesho yake, kikiwa cha duara kikavu ongeza. Jipe wiki mbili. Nyasi peke yake ndizo huna haja ya kuogopa kiasi.

Cha kutafuna mpe vijiti vya mpera vyenye magome yake.

Mahali sasa. Kibanda peke yake hakimtoshi, sungura anatakiwa atoke akimbie masaa kadhaa kila siku, asubuhi na jioni ndio anachangamka, mchana analala. Mwenye furaha anaruka hewani anajipinda katikati, utamuona. Jikoni ni sawa ila nyaya za friji na za chaja zinyanyue zote au uzipitishe kwenye kipande cha bomba la plastiki, anazikata kwa jino moja na ni umeme huo. Kukojoa ana kona yake, hiyo hiyo aliyoichagua weka beseni fupi, chini magazeti, juu nyasi kavu, atakuwa anakaa humo anakula na kujisaidia hapo hapo, ni kawaida yao. Badilisha kila siku, harufu kali ya mkojo inawaumiza mapafu.

Sakafu ya vigae inateleza, mtandikie mkeka au gunia. Kama kibanda kina waya chini weka ubao juu ya nusu yake, waya tupu inawatoa vidonda vya nyayo na hivyo vidonda kupona ni kazi. Na miguu ya kibanda isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu kidogo, siafu wakipanda usiku wanammaliza kibandani hana pa kukimbilia, msimu wa mvua usilichukulie poa.

La mwisho kwa binti. Amfundishe kukaa chini ndio ampakate, sio kumbeba akisimama. Mkono mmoja chini ya kifua mwingine umebeba makalio. Mgongo wa sungura ni mwepesi na miguu ya nyuma ina nguvu, akirusha teke hewani akiwa hajashikwa nyuma anaweza kujivunja uti mwenyewe. Akipiga mguu chini puu, kaogopa, amwache.

BabaSungura_Kibaha

Hili la oili kwenye makopo nalithibitisha, usiku mmoja wa siafu unafuta banda zima. Dada Tabata, mimi nalima mabingobingo na ukoka nimeupanda kabisa kwa ajili yao, ila kwako ni mbali. Hapo Segerea na Kinyerezi wapo wenye ng'ombe wa maziwa wanaletewa majani kila asubuhi kwa bodaboda, ongea na huyo anayeleta, mwambie fungu dogo mara mbili kwa wiki, kwake ni hela ya ziada. Uliza tu kama shambani wanapuliza dawa ya magugu.

MamaPendo_Tabata

Nimempata, anapita hapa barabarani kila alfajiri kumbe. Baraza linapigwa jua kuanzia saa nane kwahiyo mchana sasa atakaa korido pana upepo. Maji kawekewa bakuli zito la udongo, mama mkwe kamuona anakunywa kwa macho yake.

Swali la mwisho jamani, mtoto anaomba mwenzake ili asikae mpweke. Muuzaji ana jike lingine, na Pamba tuliambiwa ni jike.

Mifugo_Kabete

Wazo ni zuri, sungura ni wa kuishi na mwenzake. Lakini "tuliambiwa" hapana. Wakiwa wadogo hata wauzaji wanakosea kila siku. Utakapompeleka kuangaliwa ulimi, daktari ambonyeze kidogo juu ya sehemu ya siri, dume hutokeza kijibomba cha mviringo na akiwa mkubwa mapumbu yanaonekana pande mbili, jike ni kipasuo kirefu kuelekea mkundu. Huyo wa muuzaji naye akaguliwe kabla pesa haijatoka, pamoja na masikio ndani, ukiona magamba ya kahawia yamejaza tundu ni utitiri, usimlete nyumbani mpaka atibiwe. Asihangaike kuyabandua, akichomwa ivermectin, dawa ya kuua utitiri, kwa uzito wake magamba hudondoka yenyewe.

Na hata wakiwa sawa usiwatie pamoja siku ya kwanza, majike wawili wageni huumizana vibaya. Vibanda viwili kando kando waone na wanuse kupitia waya, wiki kadhaa, halafu wakutane sehemu ambayo si ya Pamba, wewe ukiwepo. Ngoja kwanza mwenyeji apone.

MamaPendo_Tabata

Sawa kaka, mpaka ulimi upone. Binti nimemsomea yote kakubali, ila kashaanza kutafuta jina.